Namna ya Kuligeuza Azimio la Kanda Kuwa Sheria Nyumbani: Mwongozo kwa Wabunge wa Visiwa Vidogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mbunge, katibu wa kamati au mwandishi wa sheria anayehudumu katika bunge dogo la kisiwani, ambaye anatarajia kukutana na wenzake wa visiwa jirani na angependa mkutano huo uzae jambo litakaloonekana kwa wananchi wake. Mifano mingi imetoka Pasifiki, kwa sababu huko ndiko wabunge wa nchi huru na wabunge wa maeneo yaliyo chini ya dola nyingine wamekaa meza moja kwa muda mrefu. Jumuiya ya mabunge ya visiwa vya Pasifiki, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha APIL, iliundwa mwaka 1981, na ndani yake wamo wajumbe wa Guam, Samoa ya Marekani, Visiwa vya Mariana ya Kaskazini, Hawaii, Palau, Visiwa vya Marshall, Shirikisho la Mikronesia pamoja na majimbo yake, Nauru na Kiribati. Ukiitazama orodha hiyo utauona ugumu wake mara moja: Nauru ni dola kamili yenye kiti katika Umoja wa Mataifa, Hawaii ni jimbo la Marekani, na Guam ni eneo ambalo wakazi wake hawampigii kura rais wa nchi inayowatawala. Wote ni watunga sheria, lakini mamlaka waliyonayo hayalingani.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba jumuiya ya namna hii si bunge. Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha, hupitisha miswada ambayo, baada ya kuridhiwa na wakuu wa nchi wanachama, huwa sheria ya Jumuiya nzima. Jumuiya ya wabunge wa visiwa hupitisha maazimio, na azimio halimfungi mtu yeyote mpaka bunge la nyumbani lilipe nguvu. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa inahusu safari ya azimio kutoka ukumbi wa mkutano hadi gazeti la serikali, na safari hiyo huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya mkutano wenyewe.

Chora kwanza ramani ya mamlaka

Kabla ya kuchagua suala la kushirikiana, andaa ukurasa mmoja kwa kila mwanachama unaoeleza ni nani mwenye uamuzi juu ya bahari, forodha, leseni, bandari, biashara ya rejareja na adhabu. Usiridhike na kauli ya jumla kwamba bunge fulani lina mamlaka juu ya uvuvi, bali uliza linaishia wapi. Katika Shirikisho la Mikronesia, majimbo manne ya Yap, Chuuk, Pohnpei na Kosrae yana mamlaka juu ya maji yaliyo ndani ya maili 12 za baharini kutoka ufukweni, na kuanzia hapo kwenda nje mamlaka ni ya serikali ya shirikisho. Katika Guam, ukanda wa kiuchumi wa bahari unaozunguka kisiwa, yaani maji yanayofika hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, husimamiwa na serikali ya Washington, hata kama samaki wanaovuliwa humo huuzwa mbele ya macho ya seneta wa Hagåtña, mji mkuu wa Guam. Sheria moja, ikiandikwa kwa maneno yaleyale, inaweza kuwa halali Palau na ikawa batili Guam.

Ukurasa huo uoneshe pia njia ambayo mswada hupitia. Katika jimbo la Yap, katiba imeyapa mabaraza mawili ya viongozi wa jadi, Pilung na Tamol, uwezo wa kuukataa mswada unaogusa mila na desturi. Katika Samoa ya Marekani, maseneta huteuliwa na mabaraza ya kaunti kwa kufuata desturi ya Kisamoa, wakati wajumbe wa baraza la chini hupigiwa kura. Mjumbe wa Yap anayerudi nyumbani na mswada wa uvuvi hana budi kuwatembelea wazee kabla hajamtembelea Spika, na ratiba ya pamoja isiyolijua hilo itamwonesha kuwa amechelewa ilhali anafanya kazi yake kwa utaratibu unaompasa.

Wasomaji wa Zanzibar hawatauona ugeni katika jambo hili. Uvuvi wa karibu na pwani hauko katika orodha ya mambo ya Muungano, hivyo Baraza la Wawakilishi linaweza kuutungia sheria, lakini uvuvi wa bahari kuu unasimamiwa kwa pamoja na pande mbili za Muungano kupitia mamlaka maalumu yenye makao Fumba. Mwakilishi wa Zanzibar akialikwa kuzungumzia jodari pamoja na wabunge wa Komoro na Shelisheli, swali la mwanzo la kumuuliza mwanasheria wake ni hilohilo la mpaka wa mamlaka.

Gawaneni kazi kwa kadiri ya mamlaka: mfano wa papa

Naamini mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa sheria za kuwalinda papa, na nitakaa nao kidogo kwa sababu ndani yake limo karibu kila jambo ambalo mbunge wa kisiwa anahitaji kulijua.

Mwaka 2009 Palau ilitangaza kuwa bahari yake yote ni hifadhi ya papa. Mei 2010 Hawaii, kwa mswada wa Seneta Clayton Hee, ikapiga marufuku kumiliki, kuuza na kusambaza mapezi ya papa. Januari 2011 Visiwa vya Mariana ya Kaskazini vikafuata kwa mswada wa Mwakilishi Diego Benavente, na Machi mwaka huohuo Guam ikawa na sheria yake. Kufikia Oktoba 2011, Nitijela, yaani bunge la Visiwa vya Marshall, lilikuwa limepiga marufuku uvuvi wa papa wa kibiashara katika eneo la karibu kilomita za mraba milioni mbili. Katikati ya mwaka huo viongozi wakuu wa serikali za Mikronesia walikubaliana kuunda hifadhi ya papa ya kanda nzima, na Shirikisho la Mikronesia lilikamilisha upande wake mwaka 2015, kwa kuwa majimbo yake manne na shirikisho lenyewe kila mmoja alipaswa kutunga sheria kwa maji yake.

Tazama walivyogawana kazi. Guam na Mariana ya Kaskazini hazikuwa na uwezo wa kuifunga bahari kuu inayozizunguka, kwa sababu bahari hiyo iko chini ya serikali ya shirikisho la Marekani. Zilichokuwa nacho ni soko, ghala na mgahawa, na hapo ndipo zilipoweka sheria zao, kwa kukataza kumiliki na kuuza mapezi. Palau na Visiwa vya Marshall, zenye mamlaka juu ya ukanda wao wa kiuchumi, ziliweka katazo majini. Hakuna aliyesubiri mwenzake awe na uwezo uleule, wala hakuna aliyelazimishwa kuandika kifungu ambacho mahakama ingekitangua baada ya mwezi mmoja, na mfanyabiashara wa mapezi akajikuta akibanwa baharini na nchi kavu.

Jambo la pili la kujifunza ni nafasi ya desturi. Sheria ya Guam iliacha mlango wazi kwa papa anayevuliwa kwa ajili ya chakula cha familia na kwa kugawana kwa mujibu wa mila, na mlango huo ulikuwa wa lazima kwa jamii ya Wachamoru, wenyeji wa asili wa Guam, ambayo kugawana samaki ni sehemu ya heshima kati ya ndugu. Hawaii haikuwa na sababu ya kuiga maneno hayo. Mnapoandika kiolezo cha pamoja, tengeni waziwazi vifungu ambavyo havibadilishwi na vile ambavyo kila bunge litajaza lenyewe, kisha mwachieni kila mjumbe uhuru katika hivi vya pili. Mbunge anayerudi kijijini na sheria inayomfanya babu yake aonekane mhalifu hatairudia kazi hiyo, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kubalianeni juu ya kima cha chini

Makosa ya kawaida katika mikutano ya kanda ni kutafuta sheria inayofanana neno kwa neno. Nchi nane za Mkataba wa Nauru wa mwaka 1982, nazo ni Shirikisho la Mikronesia, Kiribati, Visiwa vya Marshall, Nauru, Palau, Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na Tuvalu iliyojiunga baadaye, zilipita njia nyingine. Zilianza na masharti ya chini ambayo kila leseni ya meli ya kigeni ilipaswa kuwa nayo. Kuanzia mwaka 2007 zikaingia katika mpango wa kuuza siku za meli: idadi ya siku za kuvua jodari hupangwa kwa pamoja, hugawanywa kati ya nchi, na kila nchi huuza zake kwa inayemtaka, mradi asilipe pungufu ya bei ya chini. Bei hiyo ya chini ilikuwa dola za Marekani 5,000 kwa siku moja, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa imepandishwa hadi dola 8,000. Mapato ya nchi hizo kutokana na ada za uvuvi, ambayo mwaka 2010 yalikuwa karibu dola milioni 60, yalifika kama dola milioni 500 kwa mwaka ndani ya muda usiozidi miaka kumi.

Mkataba ule ulikuwa kazi ya serikali zaidi kuliko ya wabunge, lakini mbunge ana sehemu mbili ndani yake ambazo hakuna anayeweza kuzifanya kwa niaba yake. Ya kwanza ni kurekebisha sheria ya uvuvi ya nyumbani ili waziri asiwe na ruhusa ya kuuza chini ya kima kilichokubaliwa, hata akibembelezwa kwa ahadi ya msaada. Ya pili ni kuifuata fedha baada ya kuingia hazina, kwa sababu nchi ndogo ambayo nusu ya mapato yake yanatokana na leseni za jodari inahitaji kamati ya hesabu inayojua siku ngapi ziliuzwa, kwa nani na kwa bei gani. Kamati za visiwa tofauti zikipeana takwimu hizo, mnunuzi anayedai kwamba jirani amekubali bei ya chini atajibiwa papo hapo.

Kuandika azimio linaloweza kufuatiliwa

Maazimio mengi hufa kwa sababu ya namna yalivyoandikwa. Kauli kama hii, "Mkutano unazihimiza serikali zote kuchukua hatua zinazofaa kwa wakati unaofaa," haimpi mtu yeyote kazi, na mwaka ujao haitawezekana kusema kama imetekelezwa. Linganisha na hii:

"Kila ujumbe utawasilisha, katika kikao cha kwanza cha bunge lake baada ya mkutano huu, mswada wenye vifungu vya 1 hadi 4 vya kiambatisho, ukiwa umerekebishwa kwa kadiri ya mamlaka ya bunge hilo. Katibu wa kila bunge atamjulisha mwenyekiti wa jumuiya, kabla ya tarehe 31 Machi, namba ya mswada, jina la mwasilishaji na kamati iliyokabidhiwa."

Hapa yupo mtendaji, ipo tarehe, na kipo kitu cha kuhesabu. Sehemu ya utangulizi inayoanza na maneno "Kwa kuwa" iwe fupi, aya nne au tano zinatosha, na kila moja ibebe jambo ambalo mbunge aliyebaki nyumbani atalihitaji anapojibu maswali bungeni. Kiambatisho ndicho kiandikwe kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ndicho kitakachonakiliwa na mwandishi wa sheria mwenye mafaili mengine ishirini mezani pake, ambaye pengine ndiye pekee katika kisiwa kizima.

Msiandike kila kitu upya. Hifadhi ya sheria za Pasifiki inayojulikana kama PacLII, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini kutoka Port Vila, Vanuatu, inawawezesha kusoma sheria na hukumu za nchi jirani bila malipo. Kabla ya kuanza rasimu, mtu mmoja apewe kazi ya kukusanya sheria zote zilizopo juu ya suala hilo katika visiwa vyote na kuzipanga kifungu kwa kifungu. Mara nyingi mtagundua kwamba kisiwa kimoja kilikwisha kulitatua jambo mnalobishania, na kilichobaki ni kuuliza sheria hiyo imefanyaje kazi tangu ilipopitishwa.

Kati ya mkutano na mkutano

Wajumbe hukutana ana kwa ana mara chache, na umbali una gharama. Safari ya ndege kutoka Guam hadi Honolulu kwa njia ya visiwani hutua Chuuk, Pohnpei, Kosrae, Kwajalein na Majuro, na viti ni vichache. Kazi ya kweli hufanyika kwa simu na kwa njia ya mtandao, na hapo mstari wa tarehe wa kimataifa huleta tabu ambayo wageni hawaifikirii. Guam ikiwa saa mbili asubuhi siku ya Jumanne, Palau ni saa moja asubuhi, Majuro (Visiwa vya Marshall) na Tarawa (Kiribati) ni saa nne asubuhi, yote siku hiyohiyo. Lakini Honolulu (Hawaii) ni saa sita mchana wa Jumatatu, na Pago Pago (Samoa ya Marekani) ni saa tano asubuhi wa Jumatatu. Saa hiyo inawafaa wote, ila Jumatatu ya Guam ni Jumapili ya Samoa ya Marekani, siku ambayo watu wako kanisani, na Ijumaa ya Pago Pago ni Jumamosi ya Guam. Mna siku nne tu za kazi mnazokutana kila wiki. Pangeni vikao vyenu ndani ya siku hizo nne, na katika kila mwaliko andikeni siku na saa ya kila kisiwa.

Kikao cha simu kiwahusishe makatibu na wanasheria hata kuliko wabunge wenyewe. Maseneta wa Guam huchaguliwa kwa kipindi cha miaka miwili, na katika Kongresi ya Shirikisho la Mikronesia wajumbe kumi kati ya kumi na wanne hutumikia miaka miwili pia. Mkutano wa mwaka ujao unaweza kuwa na sura mpya nusu nzima. Katibu wa kamati ndiye anayebaki na kumbukumbu, kwa hiyo jina lake liandikwe ndani ya azimio, na nauli yake iwemo katika bajeti ya ujumbe kabla ya nauli ya mbunge wa tano. Pale ambapo bunge lina pande mbili, kila ujumbe uwe na mjumbe kutoka kila upande, ili mswada usizikwe pamoja na chama kilichoshindwa.

Misaada ya kitaalamu ipo, na ni vyema kuitumia kwa mpangilio. Kupitia mpango ulioungwa mkono na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, watumishi wa mabunge mbalimbali ya Pasifiki wamekuwa wakisafiri kusaidia bunge jirani kuchambua bajeti katika wiki chache ambazo bajeti iko mezani, halafu wakarudi makwao. Mabunge ya majimbo ya Australia nayo yana udugu na mabunge ya visiwani, kama New South Wales na Visiwa vya Solomon, au Tasmania na Samoa. Utaratibu wa kwanza napenda kuupendekeza zaidi, kwa kuwa mchambuzi aliyetoka kisiwa kingine anaijua hali ya ofisi yenye watumishi watatu, na mwaka ujao mwenyeji wake atakwenda kumlipa fadhila.

Zamu za uongozi ziandikwe

Visiwa vidogo hupenda maelewano ya mdomo, na kwa mambo mengi hayana kasoro. Katika suala la nani ataongoza yameleta hasara kubwa. Februari 2021 nchi tano za Mikronesia zilitangaza kujitoa katika Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki, chombo cha wakuu wa serikali kilichoanzishwa mwaka 1971, kwa sababu ziliamini kuwa zamu ya kutoa katibu mkuu ilikuwa yao kwa mujibu wa maelewano ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Makubaliano ya Suva ya Juni 2022 yaliiweka zamu hiyo katika maandishi, lakini Kiribati ilijitoa mwezi uliofuata na haikurejea mpaka mwaka 2023. Jumuiya ya wabunge iwe na kifungu katika katiba yake kinachosema mwenyekiti atatoka wapi mwaka huu na mwaka ujao, nani atashika nafasi mwenyeji akishindwa kuandaa mkutano kwa sababu ya kimbunga au uchaguzi, na kama eneo lisilo huru lina kura sawa na nchi huru. Jibu la swali hilo la mwisho, kwa maoni yangu, liwe ndiyo, kwa kuwa jumuiya inayotoa maazimio yasiyofunga haipotezi chochote kwa kumpa mjumbe wa Samoa ya Marekani kura sawa na ya mjumbe wa Palau, na ikimnyima itakuwa imemrudishia unyonge alioukimbia nyumbani.

Kurudi nyumbani

Mswada uwasilishwe ndani ya siku 60 tangu mkutano kumalizika, wakati waandishi wa habari bado wanakumbuka mkutano ulihusu nini. Mwasilishaji aambatanishe orodha ya visiwa vilivyokwisha kupitisha sheria kama hiyo na tarehe zake, kwa sababu hoja ya kwanza ya mpinzani huwa kwamba kisiwa kidogo kikitenda peke yake kitaumia, wafanyabiashara watahamia kwa jirani. Orodha hiyo ndiyo jibu. Mkaribisheni pia mbunge kutoka kisiwa jirani atoe ushahidi mbele ya kamati kwa njia ya video, aeleze gharama za utekelezaji, idadi ya kesi na malalamiko aliyoyapata, ikiwemo yale ambayo hakuyatarajia.

Kwa maeneo yaliyo chini ya dola nyingine, jiandaeni kwa pingamizi kutoka juu. Mwaka 2013 idara ya shirikisho la Marekani inayosimamia uvuvi ilipendekeza kanuni ambayo ingeweza kuzibatilisha sheria za mapezi ya papa za majimbo na maeneo, kwa hoja kuwa zinagongana na sheria ya shirikisho. Baada ya mashauriano, idara hiyo ilikubali kuwa sheria hizo hazipingani na ile ya shirikisho. Katika mashauriano ya namna hiyo kinachosaidia ni jalada: kumbukumbu za vikao vya kamati zinazoonesha sababu za bunge, takwimu za bandari na forodha za kabla na baada ya sheria, na maelezo ya wazi kwamba sheria inahusu kumiliki na kuuza ndani ya kisiwa na haigusi leseni za bahari kuu. Jalada hilo lianze kukusanywa siku mswada unapowasilishwa, nakala yake ihifadhiwe na katibu wa jumuiya, na pingamizi likitolewa kwa kisiwa kimoja, vingine vyote vyenye sheria kama hiyo viwasilishe maoni yao ndani ya muda uleule uliotangazwa.